Nahodha: Kutoka Jahazini Hadi Uwanjani

Jioni moja barazani vijana walikuwa wakisikiliza mpira redioni. Mtangazaji akasema nahodha ameumia na anatolewa nje. Mzee mmoja aliyekuwa kando, ambaye ujana wake aliumaliza katika majahazi, akauliza, "Chombo cha nani hicho, na nani kashika badala yake?" Vijana wakaangua kicheko. Mmoja akamweleza kwa adabu, "Babu, nahodha ni yule mchezaji afungaye kitambaa mkononi."

Kijana hakukosea, lakini alichojua ni mkia tu wa neno lenyewe.

Wengi hudhani nahodha ni neno la Kiarabu. Kwa hakika asili yake ni Kiajemi: nau ni chombo cha baharini, na khuda ni bwana au mwenye. Asiingiwe mtu na shaka kwa kuwa Waajemi humwita Mwenyezi Mungu kwa jina hilo hilo la Khuda. Hata mkuu wa kijiji kwao huitwa kadkhuda, kama sisi tusemavyo bwana kwa mwenye nyumba. Waarabu wakalichukua neno, na biashara ya baharini ikalifikisha kwetu.

Tena nahodha wa kale hakuwa mwendesha chombo tu. Alikuwa mfanyabiashara. Aliyejua nyota na njia za bahari ni maalim, aliyewasimamia mabaharia ni serahangi. Nahodha alibeba dhamana ya mali. Katika barua za wafanyabiashara wa karne ya 11 na ya 12 zilizopatikana Cairo, nahodha hutajwa mara nyingi kuwa ndiye mwenye chombo, au wakili wa mwenyewe. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisimulia habari za nahodha mmoja wa Calicut, Mithqal, tajiri mwenye vyombo vingi vilivyofanya biashara na China, Yemen na Uajemi.

Hali hiyo ilidumu mpaka zama za wazee wetu. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Najdi. Walishuka na kaskazi mpaka Mombasa na Unguja, wakapakia boriti za mikoko huko Rufiji, kisha wakarudi na kusi. Mabaharia wa majahazi hayo hawakuwa na mshahara wa mwezi. Walipewa mafungu katika faida. Nahodha akiuza vibaya, wote wamekula hasara.

Mpira ulipoletwa na Waingereza, ulikuja na kapteni wake. Kapteni wa jeshi tukamwacha na jina lake la kigeni mpaka leo. Wa meli alikuwa na jina tayari, na wa timu akapewa hilo hilo. Ndiyo maana mwaka 2019, Harambee Stars walipokwenda Misri kwa Kombe la Mataifa ya Afrika, Victor Wanyama alikuwa nahodha ingawa hapakuwa na tanga wala sukani.

Sheria za mpira zasema nahodha hana upendeleo wowote, ila ana jukumu juu ya mwenendo wa wenzake. Siku hizi katika mashindano kadhaa ni yeye peke yake aruhusiwaye kumwendea refa kuuliza uamuzi wake. Hapo namwona yule wa zamani akisimama forodhani kuwasemea watu wake. Na pale wachezaji sita wanapomzunguka refa, kila mmoja akipiga kelele, nani asiyekumbuka kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama?

Lamu ndiko maana hizi mbili zinakokutana. Katika mashindano ya mashua, nahodha ni mwanamichezo na ni baharia kwa pamoja, na akikosea upepo hana wa kumsingizia.

Tukirudi barazani, mzee alisikiliza maelezo mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na huyo wa kitambaa, timu ikishindwa, hasara huibeba yeye?"

"La, babu," akajibu kijana. "Hufukuzwa kocha."