Israfu Katika Siku za Furaha

Uingiapo Mfungo Sita, mji wa Lamu hujaa wageni wa pwani nzima, waliokuja kusoma Maulidi katika Msikiti wa Riyadha, ulio mashuhuri kwa jina la Habib Swaleh na darasa zake. Matwari hulia, qasida husomwa, na vijana hushindana kwa punda na kwa mashua. Furaha hii twaipenda, wala hatuna neno nayo. Tunalouliza ni hili: wageni wakisharejea makwao, mji hubaki katika hali gani?

Hubaki chupa za maji, vikombe na sahani za plastiki, nyingine vichochoroni, nyingine zikielea pwani. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti, 2017, na ni amri njema. Lakini chupa na sahani hizo haikuzigusa. Na aumiaye kwanza hana ulimi wa kushtaki. Punda atubebeaye mawe na mchanga hupita majaani akala plastiki pamoja na maganda, ikamganda tumboni, na wengine wamekufa kwayo. Mtume wetu (S.A.W.) alimkanya mtu aliyemtesa ngamia wake kwa njaa na kazi. Basi sisi tutajibu nini, tuliomwachia punda wetu chakula cha namna hiyo, tena katika kusherehekea mazazi ya Mtume huyo huyo?

Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tujipambe tuendapo kuswali, akaturuhusu kula na kunywa, na papo hapo akatukataza israfu. Katazo halikutengwa na furaha; limewekwa ndani yake.

Wazee wetu waliifahamu aya hii kwa vitendo. Katika misikiti ya kale mtu alitawadha birikani, akiteka maji kwa kata; na ndani ya birika waliwekwa samaki wadogo ili wale mabuu ya mbu. Mwenye kata huyaona maji anayoyatumia. Afunguaye bomba hayaoni. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo ambacho kwa hesabu ya madhehebu yetu ya Shafi hakifiki lita moja. Kijana anayesoma haya na aweke ndoo chini ya bomba atawadhapo, kisha apime mwenyewe. Na maji ya Lamu hayatoki mbali: yamo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na yakitekwa kupita kiasi, maji ya chumvi huingia mahali pake.

Ama karamu, wazee walikula kwa sinia. Watu wanne au watano walilizunguka moja, na mabaki wakapata kuku na paka. Hapakuwa na sahani ya kutupa.

Twajua watakavyotujibu baadhi ya kina mama: sahani za plastiki zimewapumzisha, kwani karamu huliwa na wote na vyombo huoshwa na wao peke yao. Hoja hii ina uzito, na wanaume wengi huipita kimya. Lakini Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Basi vijana wa kiume wanaobeba matwari usiku na wabebe masinia asubuhi, wayasugue kwa mchanga na makumbi hadi yang'are. Masinia yenyewe yamo katika nyumba nyingi na yaweza kuazimwa mtaa kwa mtaa. Ila kila mwenye nyumba alitie lake alama kabla halijatoka, maana sinia lililopotea limekwisha kuwagombanisha majirani wengi.