Nguvu ya Kukopa Barabarani



Sisi tunaozunguka vituo vya malori, tangu Malaba hadi Katuna, tunasikia neno moja kwa matajiri: "Dereva huyu ana tabia mbaya." Jioni alikuwa mchangamfu, anasalimu kila mtu, anataka safari. Alfajiri ni mkali, hataki kusemeshwa, anagombana na turniboi. Tajiri anasema ndivyo alivyozaliwa. Sisi tunauliza: alitafuna mairungi saa ngapi, na ameshika usukani kwa muda gani?

Jambo hili lina hesabu yake. Mwaka 2008 wataalamu watatu wa Hispania, Amigó, Caselles na Micó, walitoa hesabu inayoonyesha jinsi uchangamfu wa mtu unavyopanda na kushuka baada ya dozi moja ya dawa ya kuchangamsha. Hesabu hiyo haikuhusu mairungi wala malori, lakini dereva yeyote ataielewa.

Kwanza, dawa mwilini ni kama maji katika debe linalovuja. Tuchukue kahawa. Kafeini hupungua nusu kila baada ya saa 5 hivi kwa mtu mzima mwenye afya. Ukinywa miligramu 200 saa 2 usiku, saa 7 usiku zimebaki 100, na saa 12 asubuhi 50.

Pili, mwili una breki. Dawa ikisukuma juu, mwili hukanyaga breki ili urudi katika hali yake ya kawaida. Breki hiyo huchelewa kushika, na tena huchelewa kuachia. Dawa inapungua, lakini breki bado imekanyagwa. Hapo mtu hushuka chini kuliko alivyokuwa kabla ya kutumia kitu, kisha hurudi polepole.

Basi kichangamsho hakitupi nguvu, kinatukopesha. Anayetafuna tena ili asishuke anaongeza deni. Mzigo ukifika mapema faida ni ya tajiri; deni hulipwa na dereva, turniboi na watu waliomo barabarani.

Hatusemi haya kumlaumu mwenzetu. Wengi hutafuna kwa sababu wamepewa safari isiyotosha katika siku moja. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unasema dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, wala zaidi ya saa 9 kwa siku, na apate mapumziko ya saa 10 mfululizo katika kila saa 24. Tudai saa hizo ziandikwe katika kila makubaliano na waajiri.

Nawe ndugu dereva, nunua daftari. Andika saa ya kuondoka, saa ya kusimama na saa ya kulala. Siku tajiri atakapokuita ofisini kwa ajili ya tabia yako, njoo na daftari hilo, na sisi tutakuwa pamoja nawe mezani.