Nani Kawasha Nyota?

Usiku mmoja wa mwezi wa pili, saa mbili hivi, umeme ulikatika mtaani kwetu Magomeni. Feni zikanyamaza. Redio ya jirani ikakatika katikati ya wimbo. Taa za barabarani zikazimika zote kwa mpigo. Joto la Dar es Salaam mnalijua, kwa hiyo tukatoka wote uani, tukatandika mkeka kando ya mwarobaini.

Mpwa wangu akalala chali. Ana miaka minane, aliitimiza mwezi uliotangulia. Akakaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza:

"Mjomba, nani kawasha nyota?"

Swali zuri lile! Nilimpigia makofi. Watu wazima tulikuwa wengi pale uani, na kila mmoja alikuwa analalamikia umeme. Aliyetazama juu ni yeye peke yake.

"Hakuna aliyeziwasha, mama," nikamwambia. "Zilikuwapo. Jana zilikuwapo. Hata leo alasiri ulipokuwa unaruka kamba, nyingine zilikuwapo juu ya kichwa chako."

"Sasa zilijificha wapi?"

"Hazikujificha. Zilifunikwa."

"Na nini?"

"Na nuru."

Akacheka. Nuru inafunikaje? Si nuru ndiyo inayotuonyesha vitu? Hapo nikajua kwamba nina mwanafunzi hasa. Nikamwambia: bibi yako akikunong'oneza usiku, ukiwa umelala ubavuni pake, unamsikia? Unamsikia. Na akikunong'oneza Kariakoo, saa sita mchana, katikati ya wauzaji na vipaza sauti vyao? Humsikii. Bibi hajanyamaza. Ananong'ona vilevile. Soko ndilo linalopiga kelele. Basi nyota nazo zinanong'ona, na mji unapiga kelele za nuru.

"Lakini mjomba, taa ziko chini na nyota ziko juu!"

Ndiyo. Hapo ndipo penye utamu. Nikachukua tochi, tukaingia jikoni. Dada yangu alikuwa anachekecha unga kwa mwanga wa mshumaa. Nikamulika tochi kupitia pale penye vumbi la unga. Mstari mweupe ukatokea hewani, mnene kama kamba ya jahazi. Ukimulika mahali pasipo unga, mstari huuoni. Ukimulika penye unga, unauona wote. Kila punje ndogo inadaka nuru kidogo na kuitupa huku na huku.

Juu ya mji wetu kuna unga pia. Kuna vumbi la barabara. Kuna moshi wa mkaa na wa magari. Kuna mvuke wa bahari. Hata hewa yenyewe hutawanya nuru kidogo. Taa zikimulika juu, unga ule wote unang'aa, na anga linakuwa kama limetundikiwa pazia jeupe. Ndiyo maana mvua ikinyesha ikaosha vumbi, kisha mawingu yakaondoka, nyota zinaonekana kuongezeka. Hazijaongezeka. Pazia limekuwa jepesi.

Tukarudi kwenye mkeka. Nikamwonyesha nyota tatu zilizopangana kama shanga, karibu kabisa na utosi. Huo ni mkanda wa Jabari, mtu mwenye nguvu. Upande mmoja wa mkanda kuna nyota ya rangi ya kaa la moto, Betelgeuse, kubwa kiasi kwamba ingekaa mahali pa Jua letu ingeimeza Dunia. Upande wa pili kuna nyeupe yenye ubuluu, Rigel. Nikamwambia aufuate mkanda kuelekea kaskazini-magharibi, aipite nyota moja nyekundu, mpaka akifikie kifurushi kidogo cha nyota zilizobanana kama vifaranga.

"Kile ni Kilimia. Hesabu."

"Moja... tatu... sita! Sita, mjomba!"

Kilimia, sikilizeni jina lenyewe. Ni la kulima. Wazee wetu hawakuwa na kalenda ukutani. Kilimia kikizama jioni magharibi, walijua masika yamefika. Kikizuka tena alfajiri mashariki, mvua zimekwisha. Nyota hizo ziliwaambia watu lini washike jembe, na mimi huona uchungu nikimkuta mtoto wa mjini anayeweza kuitaja miji ya Ulaya lakini Kilimia hakijui.

Ghafla, pap! Umeme ukarudi. Mtaa mzima ukashangilia. Mpwa wangu akakunja uso.

"Zimeondoka."

"Zipo, mama. Zipo."

Pale nje ya ukuta wetu kuna taa ya barabarani. Mpwa wangu akaikodolea macho kwa hasira. Nikamwambia asiikasirikie. Taa ile ingekuwa na mdomo, ingejitetea hivi:

"Jamani, mimi nilitumwa kumulika barabara. Nimulike shimo, mtu asitumbukie. Nimulike njia, mama mwenye mtoto apite salama. Lakini walionifunga wameniinua uso. Nuru yangu nyingine inaangukia barabara, nyingine inakwenda angani, ambako hakuna mpita njia wala shimo. Nami nachoka bure."

"Basi ivalishwe kofia!" akasema mpwa wangu.

Miaka minane tu! Hivyo ndivyo wanavyofanya mafundi wanaojali anga: taa hufunikwa kwa juu, nuru yote ikaelekezwa chini. Barabara inapata mwanga wake, nyota zinabaki na giza lao. Taa ya barabarani si yetu, lakini taa ya uani ni yetu. Tukaizima.

Kisha tukasogeza mkeka mpaka shina la mwarobaini likaikinga ile taa ya nje. Nikamfunika mpwa wangu kanga kichwani, ikaning'inia pande zote mbili za uso, akabaki na dirisha dogo la kutazama juu tu.

"Sioni kitu."

"Ngoja. Ukitoka kwenye jua kali ukaingia jikoni, unaona nini?"

"Giza tu."

"Halafu?"

"Halafu naona chungu. Halafu naona mwiko."

Macho hufungua milango polepole. Yanahitaji dakika 20, hata 30, ili yazoee giza vizuri. Na ukichungulia simu mara moja tu, milango inafungwa, uanze upya. Akalalamika kidogo. Dakika 20 ni nyingi kwa mtoto. Ili asichoke, nikamwonyesha nyota inayong'aa kuliko nyota zote za usiku. Inaitwa Sirius. Waarabu huiita Shira. Taa za mji haziiwezi.

"Iko mbali?"

Mbali sana. Nuru ina mbio kuliko kitu chochote. Kwa sekunde moja hukimbia kilomita 300,000 hivi. Kutoka kwenye Jua hutumia dakika 8 na kidogo kufika hapa. Kutoka Shira hutumia miaka 8 na miezi saba hivi. Ni kama barua iliyotumwa kwa treni kutoka Kigoma: unaisoma leo, lakini iliandikwa siku ile ilipopakiwa.

Akapiga hesabu kwa vidole. Akazianza upya. Akainuka, kanga ikamwanguka.

"Mjomba! Ilipotoka kule mimi nilikuwa sijazaliwa!"

"Ulikuwa tumboni mwa mama yako. Nuru hiyo imesafiri tangu wakati huo, bila kupumzika, na imeingia jichoni mwako leo Magomeni."

Hakusema kitu. Alirudisha kanga kichwani mwenyewe.

Dakika zilipotimia tukakitafuta tena Kilimia. Aliona ukungu mdogo tu. Nikamfundisha ujanja wa watazama nyota. Ndani ya jicho kuna walinzi wa aina mbili. Walinzi wa mchana wamejaa katikati, nao gizani husinzia. Walinzi wa usiku wamekaa pembeni, nao huona hata nuru iliyo hafifu. Kwa hiyo usikikazie macho Kilimia. Tazama kando yake kidogo.

Akatazama kando. Akahesabu kwa kunong'ona.

"Nne."

Gizani zilikuwa sita. Chini ya taa za mji, kwa kanga na subira, zikawa nne. Kwa kweli Kilimia kina mamia ya nyota, ila macho yetu hayazifikii.

Nanyi wanangu, kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu, Kilimia kipo juu jioni. Zimeni taa ya uani, jifunikeni kanga, hesabuni, mwandike idadi nyuma ya daftari pamoja na tarehe. Sisi wa Magomeni bado tuko kwenye nne.