Injini Iliyotoka Mlimani Haizimwi Papo Hapo

Madereva wanaoleta magari yao hapa kwangu Mutuka huniuliza: fundi, gari la turbo liachwe dakika ngapi kabla ya kulizima? Nami huwauliza: umetoka wapi?

Ukitoka Dongobesh na mzigo wa vitunguu swaumu, unateremka ukuta wa Bonde la Ufa hadi Dareda kwa gia nzito, mguu hauko kwenye mafuta. Ukifika chini turbo imeshapoa. Kinachonuka ni breki. Sasa geuza safari. Umepakia saruji, umepanda mlima wote mguu umekandamiza, umefika juu umeona mahindi ya kuchoma, ukazima. Hapo ndipo turbo inapouawa.

Kazi yake haijabadilika tangu Mswisi Alfred Büchi alipopata hataza mwaka 1905. Moshi wa injini unazungusha pangaboi la upande mmoja, na pangaboi la upande wa pili, kwenye shafti ileile, linashindilia hewa ndani ya injini. Kwenye dizeli iliyobanwa na mlima, moshi huo unaweza kufika nyuzi 700. Shafti nayo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea kwenye utando mwembamba wa oili. Pampu ya oili inaendeshwa na injini. Ukizima, inasimama palepale, lakini chuma cha upande wa moshi bado ni cha moto, na joto linatambaa hadi kwenye beringi. Oili iliyobaki pale haina pa kwenda. Inaungua.

Turbo ya namna hiyo nikiifungua nakuta tundu la oili limezibwa na kitu cheusi, kigumu kama ukoko wa wali uliosahauliwa jikoni. Shafti nikiitikisa kwa vidole inacheza. Mwenye gari yeye anachojua ni kwamba oili inapungua na moshi umekuwa wa bluu.

Kilomita mbili tatu za mwisho endesha taratibu, turbo itapoa ukiwa njiani. Ukilazimika kusimama kileleni, liache lingurume dakika mbili au tatu bila kukanyaga mafuta. Wanaoliacha nusu saa wanachoma dizeli bure. Magari madogo ya petroli moto wake ni mkali zaidi, ila mengi turbo yake imepitishiwa maji ya rejeta, ambayo huendelea kuzunguka kidogo hata baada ya kuzima.

Na ninyi wenye mazoea ya kupiga resi moja ya nguvu halafu mnazima, nawaomba muache. Mnaiongezea turbo mbio, kisha mnaikatia oili ikiwa bado inazunguka.