Wakili wa jeshi naye hurudi darasani

Huenda wadhani askari hufunzwa kulenga shabaha tu. La hasha! Jeshini kuna mawakili pia, na kazi yao si kumtetea askari aliyeshtakiwa pekee. Kamanda akitaka kuangusha bomu, wao ndio wa kumwambia iwapo sheria yamruhusu. Itifaki ya Kwanza ya 1977, iliyoongezwa kwa Mikataba ya Geneva ya 1949, yazitaka nchi zilizoiridhia ziwe na washauri wa aina hiyo.

Lakini silaha hubadilika kila uchao. Aliyehitimu kabla ya ndege za kivita zisizo na rubani atashauri nini leo? Ndiyo maana mawakili hao hurudi darasani. Jeshi la nchi kavu la Marekani lina shule yao mjini Charlottesville, Virginia, tangu 1951. Huko San Remo, Italia, taasisi ya sheria za kibinadamu iliyoanzishwa 1970 huwafunza maafisa wa mataifa mbalimbali pamoja.

Nawe mwanafunzi unayetamani uanasheria, usidhani shahada ndiyo mwisho wa daftari. Wakili wa jeshi akishauri vibaya, anayeumia ni mama na wanawe waliolala jirani na ghala la adui.