Je, Wajua? Umeme wa Haidrojeni Chini ya Maji

Je, wajua kwamba Februari 2005 roboti ya Kijapani iitwayo Urashima ilisafiri chini ya bahari kilomita 317 mfululizo, bila nahodha? Ni karibu mara mbili ya urefu wa Ziwa Albert. Wakati huo roboti hiyo iliweza kuzama hadi mita 3,500. Ziwa letu, lenye kina kisichofika mita 60, kwake ni dimbwi. Urashima ni mvuvi wa hadithi za Japani aliyebebwa na kasa hadi kasri la chini ya bahari. Jina limepata mwenyewe.

Je, wajua safari hiyo iliendeshwa na seli za haidrojeni, na kwamba ndani yake hakiungui kitu? Haidrojeni huingia upande huu, oksijeni upande ule, katikati pana utando mwembamba wenye platini. Protoni za haidrojeni hupenya utando. Elektroni zake huzuiwa, zikalazimika kuzunguka kupitia waya, na mzunguko huo ndio umeme wenyewe. Zikikutana tena na protoni, pamoja na oksijeni, upande wa pili, kinachotoka ni maji. Seli moja haifikishi hata volti 1, betri ya tochi inaishinda, ndiyo maana hupangwa nyingi kwa pamoja.

Je, wajua gari hupata oksijeni ya bure hewani, lakini roboti ya majini lazima ibebe na yake? Urashima iliweka oksijeni kwenye tangi la shinikizo, na haidrojeni ndani ya aloi inayoifyonza.

Je, wajua kilo 1 ya haidrojeni ina nishati karibu mara tatu ya kilo ya petroli inayosukuma mitumbwi ya mota pale Kasenyi ziwani? Kuitengeneza, hata hivyo, hula takriban kilowati-saa 50 na lita 9 za maji. Maji Ituri tunayo. Umeme je? Bwawa la Budana lilijengwa enzi ya Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, na Bunia ya leo bado inaijua vizuri sauti ya jenereta. Mwenye kutuahidi mitumbwi ya haidrojeni aanzie hapo.

Je, wajua mpinzani wa haidrojeni ana damu ya Kongo? Roboti nyingi za baharini bado hutumia betri za lithiamu. Betri nyingi za namna hiyo huwekwa kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa kwetu, upande wa Kolwezi na Likasi. Platini ya seli, nayo, zaidi ya nusu hutoka Afrika Kusini.