Sinema ya mji mdogo: tiketi ya mtoto alipe nani?

Jumamosi saa nane mchana, awe Moshi, Tanga au Songea, muulize mtoto wa miaka tisa anataka kwenda wapi. Atasema kwa bibi, uwanjani, au "nipe simu". Sinema haitaji, kwa sababu hajui kama sinema ni mahali pa kwenda. Kwake filamu ni kitu kinachokaa ndani ya simu ya mama, na bando likiisha nayo imeisha.

Bibi yake angejibu tofauti. Katika miaka ya 1950 na 1960, miji ya Tanganyika na Zanzibar ilikuwa na kumbi zake za sinema, si Dar es Salaam peke yake. Jumapili familia ilioga, ikavaa, ikatoka. Filamu za Kihindi ndizo zilizotamba, na "Awaara" ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, ilipendwa hadi na watu wasioelewa neno la Kihindi. Zanzibar kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, kwa hiyo hata mama ambaye mila haikumruhusu kuchanganyika na wanaume alikwenda na wenzake, akalia na kucheka nao gizani. Mwanahistoria wa Marekani Laura Fair aliyahifadhi mengi ya hayo katika kitabu chake "Reel Pleasures" cha mwaka 2018.

Kilichofuata kinajulikana. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi miaka ya 1970, kanda za video zikaingia miaka ya 1980, na Tanzania Bara ikaanza kuwa na vituo vya televisheni mwaka 1994. Ukumbi wa Majestic pale Vuga, Zanzibar, ulifungwa na kuachwa uchakae. Mji huo una tamasha la filamu la kimataifa linalojulikana duniani, lakini mara nyingi skrini yake kuu imekuwa ya wazi, ndani ya Ngome Kongwe. Kumbi za kisasa zilizopo nchini zimejikita kwenye maduka makubwa ya miji mikubwa.

Mji mdogo umebaki na kibanda umiza. Tukitendee haki: kibanda kina bei ya mwananchi, kina mpira, na kina filamu zenye mtu anayetafsiri kwa Kiswahili kwa utundu ambao wakati mwingine unaishinda filamu yenyewe. Tatizo la mzazi liko mlangoni. Bodi ya Filamu hupanga madaraja ya umri, lakini mwenye kibanda anaangalia sarafu, haangalii kimo cha aliyeishika. Filamu ya mapanga ikianza, wa miaka minane na wa miaka ishirini wameketi benchi moja.

Je, halmashauri itoe fedha ya umma ili mji upate ukumbi wenye staha? Swali hilo likitajwa kikaoni, jibu la kwanza litakuwa madawati. La pili litakuwa dawa za zahanati. Ni majibu ya kweli, na anayetetea sinema hana haki ya kuyapuuza. Mzazi ambaye mwanawe anakaa chini darasani hawezi kuambiwa kwamba kodi yake imenunua viti vya sponji vya kutazamia katuni.

Lakini hesabu ya ukumbi ni ya ajabu kidogo. Nusu ya tiketi au zaidi huenda kwa wasambazaji wa filamu, hasa filamu ikiwa mpya. Umeme, kodi ya jengo na fundi wa projekta hulipwa vilevile, wawe wamekuja watu kumi au mia mbili. Mji mdogo hauwezi kujaza viti kila siku, ndiyo maana mfanyabiashara hukimbia. Kwa upande mwingine, ukumbi ambao upo tayari hukaa mtupu Jumanne asubuhi, na kumkalisha mtoto kwenye kiti hicho kitupu gharama yake ni ndogo sana.

Ufaransa waliliona hilo zamani. Kila tiketi ya sinema nchini humo, hata ya filamu kubwa ya Hollywood, hukatwa kodi ya asilimia 10.72 inayokwenda kwenye mfuko wa filamu, na sehemu yake hurudi kukarabati kumbi, zikiwemo za miji midogo. Sheria ya mwaka 1992 inaruhusu mabaraza ya miji, bila kuyalazimisha, kuusaidia ukumbi unaouza kwa wastani chini ya tiketi 7,500 kwa wiki. Msaada una kikomo: asilimia 30 ya mauzo ya mwaka ya ukumbi. Mwenye ukumbi hawezi kulala akaisubiri serikali. Na tangu mwaka 1994 upo mpango wa shule za msingi ambapo watoto huenda na mwalimu ukumbini, muda wa masomo, kutazama filamu tatu kwa mwaka, kisha hurudi kuzijadili darasani.

Marekani njia ilikuwa nyingine. Studio zilipoacha mikanda na kuhamia dijitali, mwanzoni mwa muongo uliopita, ukumbi wa mji mdogo ulitakiwa kununua projekta ya makumi ya maelfu ya dola au ufunge. Miji kadhaa ilichangishana, mingine ikaununua ukumbi na kuuendesha kwa watu wa kujitolea. Inapendeza, ingawa yeyote aliyewahi kuwa mweka hazina wa kikoba anajua watu wa kujitolea hubaki wangapi mwaka wa tatu.

Kwetu, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kinaweza kuomba humo fedha ya projekta, spika na skrini, kikakodi ukumbi wa jamii ambao sasa unafunguliwa kwa harusi tu. Huo ni mkopo, utarudishwa. Ruzuku yenyewe ielekezwe kwenye tiketi ya mwanafunzi, si kwenye jengo. Jengo lina zabuni, na zabuni ina binamu wa mtu.

Tuchukue darasa la watoto 45 na tiketi ya shilingi 1,000, mzazi akilipa nusu na halmashauri nusu. Onyesho moja litaigharimu halmashauri shilingi 22,500. Mara tatu kwa mwaka ni 67,500 kwa darasa. Kamati ya shule inaweza kuiweka hesabu hiyo mbele ya diwani wake mapema, kabla bajeti haijafungwa. Atauliza nani atachagua filamu, na jibu liwe tayari: walimu na wazazi, kwa kufuata daraja la Bodi. Kisha atauliza habari ya basi, kwa maana shule nyingine ziko kilomita sita kutoka mjini, na hiyo haimo katika 67,500.